Vifaranga 300 na baridi ya Julai: taa gani, joto kiasi gani?

SWALI: Niko Ngaramtoni, Arusha. Mwanzoni mwa Julai nategemea kupokea vifaranga 300 wa Sasso (kuku chotara) wa siku moja. Chumba ni cha tofali, mita 4 kwa 5, kimeezekwa bati, hakina dari, umeme upo. Kaka yangu wa Pasua, Moshi, analea vifaranga 100 kwa globu mbili za wati 100 na hapati shida. Nikifunga globu sita za aina hiyo zitatosha? Au ninunue zile taa nyekundu za wati 250? Wengine wananishauri niachane na umeme nitumie jiko la mkaa. Na je, taa iwake usiku kucha?

JIBU: Globu sita hazitatosha. Na hata kama joto lingetosha, zingekukwamisha kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu globu ya kawaida haiwezi kukupa joto bila kukumulikia banda zima. Shikilia hilo tangu sasa: joto ni hitaji moja, mwanga ni hitaji lingine, na kila moja lina ratiba yake. Kosa la kawaida wakati wa baridi ni kufunga taa moja ifanye kazi zote mbili.

Kwanza hesabu ya kaka yako. Moshi mjini iko kama mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama 1,400, na Ngaramtoni imepanda zaidi kwenye miteremko ya Meru. Kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kati ya banda la Pasua na lako kuna tofauti ya nyuzi 4 au zaidi kabla hujahesabu upepo. Halafu vifaranga 100 hukaa kwenye mduara mdogo wa upana wa mita 1.6, ambao globu mbili zinaweza kuumudu pale Moshi. Wako watahitaji eneo mara tatu ya hilo, ndani ya chumba chenye bati tupu linalomwaga joto nje usiku kucha.

Taa ya joto ya wati 250 huhesabiwa kulea vifaranga 75 hadi 100 katika chumba ambacho hewa yake ni nyuzi 10 hivi. Usiku wa Julai Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na kwako chini ya hapo, kwa hiyo chukua kiwango cha chini: vifaranga 75 kwa taa moja. Hapo unahitaji taa nne, jumla wati 1,000, na ya tano uiweke kabatini kwa ajili ya siku moja kati ya hizo itakapoungua. Usinunue taa moja kubwa ya kulea wote hata ukiipata. Ikizimika saa 8 usiku, vifaranga wote 300 wanabaki bila kitu, na ndipo wanapolundikana na kukandamizana hadi kufa.

Taa hizo nyekundu zina faida ambayo globu haina. Joto lake husafiri kama jua la asubuhi: linampiga kifaranga na maranda yaliyotandazwa sakafuni moja kwa moja, wala halisubiri hewa ya chumba ipate moto. Ndiyo maana unaweza kuhisi baridi ukiwa umesimama mlangoni huku vifaranga wamejinyoosha kwa raha. Na ndiyo maana kipimajoto kinachoning'inia ukutani kitakudanganya.

Dukani angalia vitu vitatu. Kioo kiwe kizito, kile kinene kilichokandamizwa, kwa sababu taa za kioo chembamba hupasuka tone la maji likizigusa zikiwa za moto. Rangi iwe nyekundu, maana nyeupe inamulika mno usiku. Na kama taa imeandikwa kuwa imepakwa teflon au PTFE ili isivunjike vipande, iache hapo hapo dukani. Utando huo ukipata moto hutoa gesi ambayo binadamu anaweza asiisikie, lakini kuku huweza kufa kwa idadi kubwa ndani ya muda mfupi.

Kuna pia vipasha joto vya kauri visivyotoa mwanga wowote, vya wati 100 au 150, vinavyofungwa kwenye holda kama globu. Wafugaji wa mijusi na kasa huvitumia sana usiku. Kwa vifaranga vinafaa vilevile, ila utahitaji saba vya wati 150 kufikia joto la taa nne. Ukivipata kwa bei inayovumilika, changanya: taa mbili nyekundu na vipasha vya kauri vitatu au vinne. Globu za LED na zile za kubana matumizi ziondoe kabisa kwenye hesabu ya joto. Zimetengenezwa zisipoteze umeme kwa kupata moto, na kwako joto ndilo ulilokuwa unalitaka.

Holda lazima iwe ya kauri. Ya plastiki itayeyuka chini ya taa ya wati 250, pengine siku ya tatu usiku, na taa itaanguka juu ya maranda makavu. Kila taa iwe na kikombe cha bati chenye wavu wa chuma mbele, itundikwe kwa mnyororo au waya wa chuma uliofungwa kwenye boriti, kisha ifungwe waya wa pili wa akiba endapo wa kwanza utakatika. Taa isining'inie kwa waya wake wa umeme hata kwa usiku mmoja. Banda huweza kuungua kwa sababu hiyo.

Upande wa umeme, taa nne ni kilowati moja, yaani ampia 4 na kidogo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha, lakini mwambie fundi agawe taa kwenye njia mbili, mbili huku na mbili kule, kila njia na swichi yake. Ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu isitumike, na ekstensheni yoyote inyooshwe: ikibaki imezungushwa hujipasha moto yenyewe. Kifaa cha kukata umeme unapovuja ni muhimu, kwa kuwa humo ndani kutakuwa na maji, bati na miguu mitupu. Uliza pia kama laini yenu hupungua nguvu jioni. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, taa hupoteza karibu moja ya tano ya joto lake ingawa kwa macho bado inaonekana inawaka vizuri. Kama hali ni hiyo, ya tano usiiweke kabatini, ifunge.

Matumizi: kilowati moja kwa saa 24 ni uniti 24. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU, ujue gharama ya siku kabla hujalipia vifaranga. Kama mita yako iko kwenye kundi la watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, utazimaliza uniti hizo kwa siku tatu tu. Mchana wenye jua utazima mbili, na kila wiki mahitaji yatapungua, lakini siku kumi za kwanza usizifanyie ubahili.

Sasa mduara wenyewe, maana taa nzuri kwenye banda bovu ni fedha iliyopotea. Nunua hadibodi (mbao nyembamba za kiwandani) mbili za futi 8 kwa 4. Kata kila moja kwa urefu vipande vitatu vya kimo cha sentimita 40. Vipande vinne vikiunganishwa kwa kupishana sentimita 8 vinakupa mduara wa upana wa mita 3, ambao ni mita za mraba 7. Vifaranga 300 watakaa humo vizuri kwa siku nne za mwanzo. Vipande viwili vilivyobaki utaviongeza siku ya tano, na mduara utageuka umbo la yai linalojaza karibu chumba chote. Hadibodi inazuia upepo wa chini na inaondoa pembe, na pembeni ndiko vifaranga hujibana wakikosa joto.

Juu, kwa kuwa huna dari, funga viroba vilivyoshonwa pamoja au turubai kwa kimo cha mita 2 hivi, angalau nusu mita juu ya vikombe vya taa. Acha nafasi wazi ya sentimita 20 upande usiopigwa na upepo. Chini weka maranda makavu yenye kina cha sentimita 6 hadi 8. Kwenye sakafu ya saruji ya Ngaramtoni mwezi wa Julai sentimita 3 hazifai kitu, baridi inapanda moja kwa moja kwenye tumbo la kifaranga. Tandaza karatasi ngumu isiyoteleza kwa siku mbili za kwanza na umwage chakula kidogo juu yake, kisha iondoe.

Washa taa saa 24 kabla ya vifaranga kufika. Saa mbili hazitoshi, kwa kuwa hewa itapata joto huku sakafu na maranda bado ni baridi. Ingiza kiganja ndani ya maranda chini ya taa: yanatakiwa yawe nyuzi 28 hadi 30, yaani yasikupe ubaridi wowote mkononi.

Taa zitundike kimo cha sentimita 45 kutoka juu ya maranda, zikiwa kwenye pembe za mraba wa sentimita 80 katikati ya mduara. Usizitawanye hadi kingoni. Unataka joto kali katikati na ubaridi wa kiasi pembeni, ili kifaranga achague mwenyewe pa kukaa. Chini ya ukingo wa mwanga wa taa, kimo cha mgongo wa kifaranga (sentimita 5 hivi kutoka kwenye maranda), kipimajoto kisome nyuzi 33 hadi 34. Karibu na hadibodi kisome 25 hadi 28. Hivyo nunua vipimajoto viwili, kila kimoja na mahali pake. Drinka (vyombo vya maji) na vyombo vya chakula vikae kati ya taa na hadibodi, visiwe chini kabisa ya taa. Maji yakipata moto hawayanywi, na kifaranga asiyekunywa siku ya kwanza hata chakula hakigusi.

Kifaranga wa siku moja hana uwezo wa kulinda joto la mwili wake. Mwili unatakiwa ukae kwenye nyuzi 40 au juu yake kidogo, na uwezo wa kujipasha mwenyewe hukomaa polepole hadi karibu wiki mbili. Akipoa, huacha kula ili abane joto, kiini cha yai alichobaki nacho tumboni hakitumiki vizuri, kinyesi kinamganda nyuma, na wiki mbili baadaye unaona kundi lisilolingana: wengine wakubwa, wengine kama wa jana. Hapo watu hulaumu chakula au kituo cha kutotolesha, wakati hasara ilitokea usiku wa kwanza.

Kwa hiyo uwasome wenyewe kuliko kipimajoto. Wakilundikana chini ya taa huku wakilia kwa sauti kali, wana baridi: shusha taa sentimita 5, lakini usipite chini ya 40, na kama hapo bado hawatoshelezwi ongeza taa. Wakikimbilia hadibodi, wakipanua midomo na kulegeza mabawa, wamezidiwa joto: pandisha. Wakijazana upande mmoja tu, usiguse taa, tafuta mahali upepo unapoingilia. Raha ni pale wanapokuwa wametawanyika kotekote, baadhi wanakula, baadhi wamelala wamenyoosha shingo, na sauti ni ya chini. Kagua saa 4 usiku, halafu kagua saa 10 alfajiri. Hiyo ya alfajiri ndiyo yenye majibu, kwa sababu ndiyo saa ya baridi kali na ndiyo watu wengi huiruka.

Kuna vipimo viwili vingine visivyogharimu kitu. Shika miguu ya vifaranga kumi uiguse kwenye shingo yako: ikiwa ya baridi, sakafu ni ya baridi hata kama kipimajoto kinasema vingine. Na saa 8 baada ya kuwasili, bonyeza polepole kifuko cha chakula chini ya shingo. Angalau wanane kati ya kumi wawe nacho kimejaa na ni laini. Kikiwa tupu, kagua joto kwanza, maji pili, mwanga tatu. Kikiwa kigumu, wamekula bila kunywa.

Sasa mwanga. Siku tatu za kwanza wape mwanga mweupe saa 23 kwa siku, ili waone maji na chakula. Globu moja ya LED ya wati 9, ikitundikwa mita 2 juu ya mduara, inatosha, uwe unaweza kusoma gazeti ukiliweka pale wanapokula. Mwanga mwekundu peke yake siku hizo hautoshi. Saa moja ya giza kila usiku ni ya kuwazoesha tu. Kundi ambalo halijawahi kuona giza hupata kiwewe umeme ukikatika ghafla, na kiwewe hicho kinaua kuliko baridi ya dakika zile.

Kuanzia siku ya nne punguza: saa 20 za mwanga, kisha 18 mwishoni mwa wiki ya kwanza, hadi wiki ya tatu wabaki na mwanga wa jua pekee. Kwetu karibu na ikweta mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. LED inazimika, taa nyekundu zinaendelea kutoa joto. Ndilo jibu la swali lako la mwisho: ya joto iwake usiku kucha, ya mwanga hapana. Ukiona wanaanza kudonoana manyoya, angalia kwanza kama mwanga ni mkali mno au wamebanana. Na majike utakaowabakiza kwa mayai usiwaongezee saa za taa wakiwa wanakua. Wataanza kutaga kabla mwili haujakomaa, mayai yatakuwa madogo na wengine watatokwa na kizazi.

Jiko la mkaa sikushauri liwe chanzo kikuu. Linaanza kali, linafifia baada ya saa mbili tatu, na ni vigumu kulidhibiti alfajiri. Ubaya mkubwa zaidi ni hewa ya sumu isiyo na harufu inayotolewa na mkaa. Katika chumba kilichozibwa inaua vifaranga, na inaweza kumuua anayelala humo kuwalinda. Hakuna mtu alale kwenye chumba chenye jiko, tafadhali. Lakini kama akiba ya siku ya katizo la umeme ni chombo kizuri: liwashe nje hadi moshi uishe na mkaa uwe mwekundu wote, liingize, lizungushie bati vifaranga wasilifikie, liwekee sinia la chuma juu ili joto lienee pembeni, na ile nafasi ya juu ibaki wazi. Mwezi huohuo utashawishika kuziba kila tundu kwa ajili ya baridi, usifanye hivyo. Mwinuko, baridi na hewa nzito vikikutana, moyo wa kuku hulemewa na tumbo hujaa maji. Sasso huvumilia kuliko broila, ila hana kinga kamili.

Gesi ni nzuri ukifikia vifaranga 500 na kuendelea. Mtungi wa kilo 15 una joto la kama uniti 190, sawa na taa zako nne kwa siku nane, mradi uwe na kipasha joto maalumu cha kutundika. Jiko la kupikia likifunguliwa katikati ya banda ni hatari.

Usitegemee betri ya sola kwa joto. Betri ya asidi ya ampia 100, volti 12, ukiitumia nusu yake kama inavyotakiwa, itaendesha taa nne kwa dakika 35 hivi. Iache iendeshe LED, ambayo itawaka usiku mzima bila wasiwasi. Kwa joto la dharura jaza maji ya moto sana, yasiyochemka, kwenye dumu la lita 20, lifunge vizuri, lizungushie gunia na lilaze katikati ya mduara. Likipoa kutoka nyuzi 80 hadi 35 linatoa karibu uniti moja ya joto, sawa na taa zako nne kwa saa nzima. Madumu matatu yatakuvusha katizo la kawaida la usiku. Yafanyie majaribio kabla vifaranga hawajafika, mwone maji yanachukua muda gani kupashwa moto na nani atakuwepo nyumbani.

Kushusha joto: wiki ya kwanza 33 hadi 34 ikimalizika na 32, wiki ya pili 29, ya tatu 26, ya nne 23. Njia yenyewe ni kupandisha taa sentimita 5 hadi 7 kwa wiki, kisha kuzima moja moja. Wiki ya tatu anza kuzima zote mchana jua likitoka. Usiku usiwe na haraka. Kaka yako wa Pasua anaweza kuondoa taa wiki ya nne, ila wewe, kwa chumba kinachoshuka chini ya nyuzi 15, bakiza taa mbili hadi manyoya yafunike mgongo na kifua, ambayo ni wiki ya tano au ya sita. Ukifika hapo, zima usiku mmoja uwatazame saa 10 alfajiri. Wakiwa wametawanyika, zizime kabisa. Wakiwa wamelundikana, washa na ujaribu tena baada ya siku tatu.